Siku Sitini za Bamia

Mwezi uliopita hapa hapa tulizungumza kuhusu wanandoa wanaofichana mishahara, na meseji mlizonitumia zilinifanya nicheke na nione aibu kwa wakati mmoja. Wengi mlinisifu, eti dada unasema ukweli bila kupepesa macho. Jamani! Leo nakuja kukiri. Miezi michache tu kabla ya kuandika yale, mwenzenu nilikuwa nimemficha mume wangu jambo kubwa kuliko mshahara, na siri yenyewe niliitunza uani, kwenye tuta la bamia.

Nianze mwanzo, maana hadithi hii ukiidaka katikati utanihukumu vibaya.

Tulifunga ndoa Dar es Salaam mwaka 2022. Mimi mhasibu, yeye mtumishi wa serikali, maisha yetu yalikuwa ya foleni na wikiendi za ufukweni, hakuna cha ajabu. Januari 2024 akarudi nyumbani na barua ya uhamisho. Singida. Kwao ni huko, Mnyaturu wa Ilongero, lakini mimi mtoto wa Tanga niliyekulia Dar, Singida niliijua kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti yanayouzwa barabarani basi likisimama. Kilomita kama 700 kutoka kwa shosti zangu wote! Nililia siku mbili, siku ya tatu nikaandika barua ya kuacha kazi. Barua ya serikali si unajua haina mjadala, nikajiambia mke ni kumfuata mume.

Singida nikapata kazi ya kushika vitabu vya hesabu kwenye ofisi ndogo inayonunua alizeti. Mshahara ukawa nusu ya ule wa zamani. Sikulalamika kwa mdomo. Nililalamika kwa kunyamaza, na wanawake mnanielewa ninachosema. Mwenzangu naye akirudi kazini anauliza "umeshindaje?" huku macho yako kwenye simu, najibu "salama," mazungumzo yameisha. Miezi sita tuliishi hivyo.

Nyumba tuliyopanga ina uani mdogo, kama hatua kumi kwa sita. Wenyeji watanisamehe, lakini mji wao una upepo! Unavuma kutwa, unakausha nguo kwa nusu saa, na kitu chochote kisichofungwa kinahamia kwa jirani. Kuna mawe makubwa kila upande utafikiri yalipangwa na mtu, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, yamekaa pale mjini kabisa. Jioni ni pazuri, nakiri. Lakini sokoni nilikuwa natafuta bamia changa, zile za kuvunjika kwa kidole, mara nyingi nakuta zimekomaa ngumu kama fimbo, na mimi bamia ndiyo chakula cha kwetu. Bamia ya nazi na samaki, ndimu juu. Siku moja ya Julai nikakasirika, nikaingia duka la pembejeo nikanunua pakiti ya mbegu.

Sikuuliza mtu. Nilichimba, nikafukia, nikamwagilia asubuhi na jioni kama ninayelea mtoto. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kimya. Wiki ya tatu nikafukua, nikakuta mbegu zimekuwa uji. Unajua kwa nini? Singida mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni baridi ya kuvaa sweta. Bamia ni mmea wa joto. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 18 hivi mbegu inalala tu, na ukiilowesha kila siku wakati imelala, inaoza. Mimi niliipa baridi na maji kwa pamoja, yaani niliizamisha!

Nikaitupa pakiti kwenye kabati la jikoni, nikaongeza hilo kwenye orodha yangu ya sababu za kuichukia Singida.

Sasa sikia. Mwishoni mwa Septemba simu ikaita nikiwa ofisini. Bosi wangu wa zamani. Kuna nafasi, tena ya juu kuliko niliyoiacha, inaanza Januari, mkataba wa mwaka mmoja. Wanataka jibu kabla ya Desemba 6. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua nikitetemeka. Jioni nilipofika nyumbani nilikuwa nimepanga kabisa namna ya kumwambia mwenzangu. Akaniuliza umeshindaje, macho kwenye simu. Nikamjibu "salama."

Basi ndivyo siri inavyoanza. Hukai chini ukaamua kudanganya, unasema nitamwambia kesho. Wiki ile nikipanga vyombo nikaikuta ile pakiti. Nyuma imeandikwa siku 50 hadi 60 kutoka kupanda mpaka kuvuna. Nikahesabu kwa vidole. Kutoka Oktoba 5 hadi Desemba 4 ni siku sitini kamili. Nikajiambia, hii bamia ikizaa nabaki, isipozaa naondoka. Mhasibu mzima, mwenye digrii, naweka ndoa yangu kwenye mbegu! Ila ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuamua, nikatafuta wa kuniamulia.

Safari hii nilifanya kwa akili. Niliuliza jirani yangu wa geti la bluu, mama mtu mzima ambaye uani kwake kuna kila mboga. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, uliziloweka?" Sikuziloweka. Mbegu ya bamia ina ganda gumu, inataka kulala kwenye maji usiku mzima, hata saa 24, ganda lilainike. Ijumaa Oktoba 4 nikaziloweka kwenye kikombe cha chai, asubuhi zile zilizoelea nikazitupa, zilizozama nikazipanda. Oktoba Singida ni joto kavu, mvua za kwanza bado, kwa kawaida zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na zinakuja mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo joto lipo, kazi ni maji.

Shimo ni la kina cha kidole mpaka pingili ya kwanza, kama sentimita mbili, usizidishe. Mbegu tatu kila shimo. Kutoka shimo hadi shimo sentimita 30, kutoka mstari hadi mstari 60, maana bamia inakuwa ndefu kuliko wewe ikiamua. Mistari minne, mashimo sita kila mstari, jumla 24. Chini nilichanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Jirani alinikataza ya kuku mbichi, inaunguza. Na usije ukasia kwenye kitalu halafu uhamishe kama nyanya au mchicha. Bamia inashusha mzizi mkuu mmoja mrefu moja kwa moja chini, ukiuvunja wakati wa kuhamisha mche unasinyaa au unadumaa. Ipande pale pale utakapoivunia. (Haya, nacheka mwenyewe ninapoandika hilo la kuhamisha.)

Pakiti yangu iliandikwa Clemson Spineless, aina iliyotolewa na chuo cha Clemson kule South Carolina, Marekani, mwaka 1939, na maana yake ni kwamba haina miiba. Miiba kweli haina, ila ina vinyweleo vinavyowasha, kwa hiyo dada mwenye mikono laini vaa mikono mirefu. Ajabu ni kwamba tunanunua mbegu ya Kimarekani ya mmea ambao Waafrika wanaulima toka enzi na enzi. Kule Louisiana wana mchuzi maarufu unaoitwa gumbo, na jina hilo linatokana na neno la bamia kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, lilivuka bahari na watu waliopelekwa utumwani. Sisi neno letu tulilipata kwa Waarabu, hata Oman ukisema bamia wanakuelewa.

Siku ya sita, Oktoba 11, nilitoka na mswaki mdomoni nikaona udongo umepasuka. Vichwa viwili viwili vya kijani vimejikunja kama wazee. Nikapiga kelele! Mwenzangu akatoka mbio akidhani nyoka. Akaangalia, akasema "aah, mboga," akarudi ndani. Nilitamani nimrushie mswaki.

Mashimo 21 yaliota. Miche ilipofika urefu wa kiganja nikapunguzia, nikabakiza mmoja kila shimo, ule mnene. Inauma kung'oa kitu ulichokisubiri, lakini ikibaki mitatu inagombania chakula, inakonda yote.

Kasheshe ikawa maji. Mwezi ule bomba letu lilikuwa linatoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa vijana wa mikokoteni, dumu la lita 20 shilingi 500. Mwenzangu akaanza. "Maji ya kununua ndiyo unamwagia bamia?" Kila jioni, wimbo huo huo. Kuna mtu ofisini akanishauri nitume kijana achote Kindai, bure. Jirani wa geti la bluu alicheka mpaka akakaa chini. Maji ya maziwa yale yana chumvi, utaua tuta lote! Ndipo nikaanza kuweka ndoo chini ya sinki. Maji ya kusuuzia vyombo na ya kuoshea mboga na mchele nikawa nayamwaga kwenye mashina jioni, jua likishapoa. Ya kwanza yenye sabuni nyingi na mafuta nilikuwa namwaga pembeni. Juu ya udongo nikatandaza nyasi kavu nene, maana upepo wa Singida unanyonya unyevu kuliko jua. Ikatosha. Bamia ikishashika mizizi inavumilia ukame kuliko unavyofikiri, ni ndugu wa pamba na choya, si mboga ya kudeka.

Halafu kuku. Uko Singida halafu usiwaze kuku? Kuku wa jirani wa nyuma waliingia wakafukua mashina matatu wakitafuta wadudu kwenye nyasi zangu. Zikabaki 18. Nilirudi kutoka kazini nikakuta mwenzangu amevua shati, anazungushia tuta matawi ya miiba. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Ila usiku ule niliihesabu siri yangu, nikaona imekuwa nzito kidogo.

Novemba vidukari vikaja, vile vidudu vidogo vinavyojazana chini ya jani na kwenye ncha changa. Ukiona sisimizi wanapanda shina kwa foleni, geuza jani uangalie. Sisimizi wanawafuga wale kama sisi tunavyofuga ng'ombe, wanalamba utamu wao. Nilichanganya maji na sabuni kidogo tu, nikapulizia chini ya majani jioni, asubuhi nikasuuza. Baada ya mara tatu walipungua. Sikutumia dawa ya dukani, kitu nitakachokula baada ya siku chache sikutaka kukiwekea sumu.

Katikati ya hayo mama mkwe akaja. Alikuwa na kliniki ya presha hospitalini mjini, ikapangwa akae kwetu wiki mbili. Mama ni mtu wa maneno machache. Alikuja na kuku wawili na mfuko wa mlenda mkavu uliotwangwa. Sasa mnaojua mambo ya kati ya nchi mnajua, kwa Wanyaturu na Wagogo ugali wa uwele au mtama bila mlenda ni kama chai bila sukari. Mimi mlenda ulikuwa haunipandi. Kwetu Tanga tunapambana na ute wa bamia kwa ndimu na nyanya, na tunazikausha vizuri kabla ya kuzikata ili usitoke mwingi. Kule wanautafuta ute wenyewe, wanatia magadi uzidi kuvutika! Kila nikikataa kwa adabu, mama anasema "haya, mwanangu," na anamtazama mwanawe.

Jumamosi Novemba 16, siku ya 42, nilienda sokoni. Kurudi, nafungua mlango wa uani... weee! Tuta limenyolewa. Majani yote laini yamekwenda. Mashina 11 yamekatwa ncha kabisa, yamebaki vijiti. Mama amekaa kwenye kigoda, beseni limejaa, anachambua.

"Shikamoo mama. Mama, hii... umefanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimeona una mboga nzuri inaharibika haichumwi. Nakupikia mlenda."

Ndugu zangu, jani changa la bamia ni mboga kweli, linaliwa, na kwa mikono yake mama alikuwa ananitendea wema. Hayo nayajua leo. Siku ile nilimwambia "asante mama," nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Mwenzangu akaingia. Aliposikia ni bamia akacheka. Akacheka! Nikamwambia, "Cheka tu. Januari naondoka, bamia mtakula wenyewe."

"Unaondoka kwenda wapi?"

Yote yakatoka. Simu ya bosi, Desemba 6, siku sitini, kila kitu. Alikaa kitandani akasikiliza mpaka mwisho, na nikitazama nyuma ile ndiyo mara ya kwanza toka tuhamie kwamba simu yake ilikuwa mfukoni.

"Ungeniambia tu," akasema.

"Ungenisikia?"

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kabisa. "Ule uhamisho niliuomba mwenyewe."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Baba yake alifariki 2023, mama akabaki peke yake Ilongero na presha yake, kaka zake wote wako mbali. Akaandika barua kuomba kurudishwa Singida, mimi akanionyesha ya majibu tu. Aliogopa nikikataa itabidi achague. Kwa hiyo mwenzenu niliacha kazi, marafiki na bahari kwa amri ya serikali ambayo haikuwa amri. Na kabla hujanihurumia kumbuka mimi nilikuwa nimekalia ofa kwa wiki saba nikijibu "salama."

Nani alikosa zaidi? Nimejaribu kupiga hesabu, kazi yangu ni hesabu, haijawahi kulingana. Kumficha mtu ofa ni kosa. Ila kumhamisha mtu maisha yake kwa barua ya nusu ukweli, mimi naona ni kubwa zaidi, na nilimwambia hivyo. Yeye anasema mama ni mmoja. Hatujakubaliana mpaka leo hii ninapoandika, na sitawadanganya kwamba tulikumbatiana yakaisha. Alitoka akakaa barazani mpaka usiku wa manane, na mimi nikalala nimegeukia ukutani.

Nyumba ya kupanga kuta zake nyembamba. Asubuhi nilimkuta mama jikoni, amepakua ule mlenda, kauchanganya na karanga. Akanivutia kiti. "Kula kidogo," akasema. Nikala. Baadaye akasema bila kunitazama, "Mimi sikumwomba aje." Akaongeza, "Na sikujua kwamba hukujua." Basi. Akaendelea kupiga mwiko. Na mlenda ule, niseme ukweli, ulikuwa mtamu, sijui ni karanga au ni njaa ya kutokula usiku.

Nikatoka uani kuangalia msiba wangu. Mwenzangu alikuwa pale na ndoo ya maji ya sinki, anamwagia vile vijiti. Yule yule wa dumu shilingi 500.

Yale mashina saba yaliyobaki na ncha yakaendelea kama hakuna kilichotokea, wakatoa majani mengine. Novemba 30, Jumamosi, ua la kwanza. Kama hujaona ua la bamia kajionee, ni la njano laini na katikati zambarau iliyoiva kama damu. Linafunguka asubuhi, jioni limefumba, kesho limeanguka, siku moja tu. Chini yake inabaki kidole kidogo chenye nywele. Hesabu siku nne mpaka sita toka ua lifunguke, uvune, bamia ikiwa na urefu wa kidole chako cha kati. Jaribu ncha, ikikatika "ta!" ni changa, ikipinda umechelewa. Na ukianza kuvuna usipumzike, kila baada ya siku mbili pita na kisu, kwa sababu ukiiacha moja ikomae shina linadhani kazi imeisha, linapunguza kuzaa.

Desemba 4, siku ya sitini, nilivuna bamia tatu. Tatu! Sasa niambie, imezaa au haijazaa? Nilizishika mkononi nikajiona mjinga. Jioni ile tulikaa wawili mezani na daftari langu la hesabu, bamia tatu zimo kwenye kisahani katikati, tukaongea mpaka saa sita usiku. Hatukuongea mapenzi, tuliongea kalenda. Mshahara wa Dar ni kiasi gani, kodi ya chumba kiasi gani, mama anahitaji mtu siku zipi, treni ya umeme kutoka Dar mpaka Dodoma ni kama saa nne, basi Dodoma hadi Singida ni saa tatu na ushee, kwa hiyo Ijumaa nikitoka mapema usiku niko nyumbani. Mara mbili kwa mwezi. Moja naja mimi, moja anakuja yeye. Mtoto? Tukaandika na hilo, kwa kalamu ya risasi. Mwisho wa mkataba tunakaa tena, na safari hii kila mtu anaweka barua zake zote mezani.

Ijumaa Desemba 6 nilipiga simu nikakubali kazi.

Najua kuna wasomaji wangu mtakaosema nimeivunja nyumba, na wengine mtasema nilitakiwa niondoke siku ile ile ya barua. Nileteeni, nitazisoma zote. Kina mama wa kwetu Tanga wamenisema tayari, hamtakuwa wa kwanza. Mimi ninachojua ni kwamba tangu Januari, mume wangu akinipigia jioni na kuuliza umeshindaje, anasubiri jibu. Kuna siku namjibu vibaya, kuna siku tunakata simu tumenuna. Upweke upo. Chumba changu cha Dar hakina hata kibaraza cha kuweka kopo la udongo.

Mvua za Singida zilianza kukolea nikiwa nafunga mizigo. Na yale mashina 11 aliyoyakata mama? Yalichelewa kama wiki mbili kuchanua, lakini kila lililokatwa ncha lilitoa matawi mawili matatu pembeni, na kila tawi likazaa. Kufikia mwisho wa Januari mwenzangu alikuwa ananitumia picha za beseni limejaa, nyingine anagawa kwa jirani wa geti la bluu, nyingine mama anazikata vipande na kuanika juani ili atwange za kiangazi. Jirani anasema wakulima wengine wanakata ncha makusudi. Mama aliposimuliwa alisema tu "si niliwaambia ni mboga ya majani," na kuendelea na shughuli zake.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu kwenda, nikakwama na hesabu za kufunga robo mwaka. Akanipigia kwa video kutoka uani, upepo unavuma mpaka simsikii vizuri. Akaisogeza simu kwenye shina moja refu, bamia tatu kubwa zimekauka, za kahawia, zimeanza kupasuka mistari.

"Hizi zimeniponyoka," akasema. "Niling'oe shina?"

"Hapana, usiling'oe. Ziache zikauke kabisa hapo hapo. Ukizitikisa zikalia kama manyanga, zikate uzipukuchue, weka mbegu kwenye bahasha, siyo mfuko wa nailoni, zitavunda."

"Bahasha nazo ziko wapi humu ndani?"

"Droo ya pili, chini ya mswaki wa viatu. Na uandike tarehe."

"Mpaka Oktoba, siyo? Siyo Julai."

"Siyo Julai," nikamwambia.